Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Jua la Januari likianza kukaza, maswali yanayonifikia kutoka Umoja, Kayole, Donholm na Buruburu huwa yanafanana. Mmoja ananiambia: dada, nilijaza gesi ya AC kabla ya Krismasi, na sasa gari linapuliza joto tena, nijaze nyingine? Mdogo wangu, usijaze. Kwanza uliza ile ya kwanza ilienda wapi.

Gesi ya AC si petroli. Haichomwi ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, mzunguko ule ule, na gari zima hukaa miaka mingi bila kuongezwa kitu. Kiasi kidogo sana hupenya kwenye mabomba ya mpira kadiri miaka inavyosonga, lakini gesi iliyojazwa Desemba ikapotea kufikia Februari imetokea kwenye tundu. Fundi anayekujazia bila kulitafuta tundu hilo anakuuzia ubaridi wa wiki chache. Na najua wengi wenu mnaendesha teksi za kuitwa kwa simu, ambapo abiria aliyetoka jasho kutoka Pipeline hadi Westlands anakupa nyota mbili na hamna pa kukata rufaa. Pesa mnazopoteza hivyo zinaniuma kana kwamba ni zangu.

Kabla ya kulitafuta tundu, tuelewane kuhusu koili za AC, kwa sababu ziko mbili na watu huzichanganya. Ya nje ni kondensa. Iko mbele kabisa, mbele ya rejeta, nyuma ya grili. Kompresa inaisukumia gesi ikiwa moto na yenye shinikizo kubwa, upepo unapita kwenye mapezi yake, joto linatoka na gesi inageuka kuwa kimiminika kama maji. Ya ndani ni evaporeta, imefichwa nyuma ya dashibodi. Hapo yale maji yanapita kwenye valvu nyembamba, shinikizo linashuka ghafla, yanageuka kuwa gesi tena na kunyonya joto la hewa unayopumua humo ndani. Hivyo AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka kwako na kulitupa barabarani.

Kwa barabara zetu, kondensa ndiyo huumia zaidi. Ni alumini nyembamba, na ndiyo ya kwanza kupokea kokoto zinazorushwa na malori ya mchanga kwenye barabara ya Kangundo. Matope ya Aprili yanakaukia ndani ya mapezi. Halafu kijana wa kuosha magari anaisogezea ile mashine ya maji yenye nguvu, mapezi yanalala chali na upepo haupiti tena. Chukua tochi, fungua boneti, chungulia kupitia grili. Unatafuta doa lenye mafuta ambalo vumbi limeganda juu yake, jeusi na lenye unyevu, mara nyingi pembeni ambapo bomba linaungana au palipopigwa na jiwe. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo pale gesi inapotokea, mafuta huacha alama. Doa hilo linakueleza mengi kabla hujalipa mtu yeyote senti.

Lakini si kila joto ni koili iliyotoboka. Hapa ndipo nataka mkae makini, maana hapa ndipo watu hununua spea wasizohitaji. AC ikiwa baridi unapokimbia Thika Road, kisha ikaanza kupuliza joto ukikwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, shuku feni ya kondensa kwanza, au uchafu kwenye mapezi. Gari likikimbia upepo unapita wenyewe. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Washa AC gari likiwa limesimama, uangalie kama feni inazunguka. Upepo ukiwa baridi lakini dhaifu, huku feni ya ndani ikinguruma, angalia kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kwenye magari mengi madogo ya Japani unakitoa kwa mikono mitupu. Nimeviona vikiwa na majani, manyoya ya paka na vumbi zito kiasi kwamba karatasi yenyewe haionekani.

Zulia la abiria likilowa maji safi yasiyo na harufu, koili haijatoboka. Evaporeta hutoa jasho kila siku, na jasho hilo hutoka chini ya gari kwa kibomba kidogo. Kimeziba, kizibuliwe. Ila maji yakiwa yanateleza vidoleni, yana harufu tamu, na kioo cha mbele kinajaa ukungu wenye mafuta, hiyo ni rejeta ndogo ya hita, jirani ya evaporeta, inavuja maji ya kupoza injini. Usiipuuze, kwa sababu maji hayo yakiisha unaua injini.

Sasa tuseme dalili zote zinaonyesha gesi inavuja. Upo gereji, labda Kariobangi Light Industries, labda karibu na Grogan. Muulize fundi atautafutaje uvujaji. Jibu zuri lina naitrojeni kavu ndani yake: anaijaza kwenye mfumo, anapaka povu la sabuni kwenye viungo, anatazama mapovu. Au anatia rangi inayong'aa chini ya taa maalumu na kukuambia urudi baada ya siku kadhaa. Kwa evaporeta, ambayo haionekani, mwenye kipima gesi atakiweka kwenye kile kibomba cha maji chini au kwenye tundu la hewa huku feni imezimwa. Akisema atatumia hewa ya kompresa ya kujazia matairi, kataa, inaingiza unyevu. Akinyoosha mkono kuelekea mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, ondoka na gari lako, na umwambie kwa nini. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka. Mitungi hiyo iko kila mahali penye kuchomelea, ndiyo maana nalisisitiza jambo hili.

Baada ya tundu kuzibwa au koili kubadilishwa, mfumo lazima unyonywe hewa yote kwa pampu ya ombwe, nusu saa angalau, ili unyevu uchemke na kutoka. Kisha valvu zinafungwa na sindano ya geji inaangaliwa. Ikipanda, bado kuna tatizo. Kuna jambo moja la Nairobi ambalo vitabu vya ng'ambo havikuambii. Tuko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi. Geji ambayo Mombasa ingeshuka hadi karibu inchi 29 za zebaki, hapa itagota kwenye 24 au 25 hata kama ombwe limekamilika. Fundi asiyejua hilo atahangaika kutafuta tundu lisilokuwepo, au atalaumu pampu nzima.

Kuna mtego mwingine kwenye geji. Gari likiwa limezimwa, joto la hewa likiwa nyuzi 25, gesi ya R134a itaonyesha takriban psi 80, iwe imejaa au imebaki kidogo, mradi tone la maji yake lingalimo ndani. Ndiyo maana kiasi hakijulikani kwa geji peke yake. Kinapimwa kwa mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na gramu zake. Kisome mwenyewe, ukipige picha. Ukijaza pungufu, baridi haifiki. Ukizidisha, shinikizo linapanda na kompresa inateseka. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, baadhi ya yanayoingia sasa yanatumia R1234yf, si R134a. Midomo ya kujazia ya gesi hizo mbili haifanani. Fundi asikulazimishie.

Kubadilisha kondensa si kazi kubwa. Bampa inatoka, boliti chache, mabomba mawili, oringi mpya zilizopakwa mafuta ya AC. Drai, yaani kile kichujio kinachonyonya unyevu, ibadilishwe kila mfumo unapofunguliwa. Kwenye magari mengi ya karibuni imejengwa ubavuni mwa kondensa, basi kondensa mpya inakuja nayo. Ukinunua ya mtumba, angalia kama midomo ya mabomba ilizibwa. Iliyokaa wazi dukani imekunywa unyevu kwa miezi. Na kama kompresa ya zamani ilisagika ikamwaga chembe za chuma, usikubali kusafishiwa kondensa ya zamani. Vijia vyake ni vyembamba mno, chembe zitabaki na zitaimaliza kompresa mpya.

Evaporeta ni habari tofauti. Katika magari mengi dashibodi nzima inashuka, pamoja na nyaya na mifuko ya hewa ya usalama. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, na gharama yake iko zaidi kwenye mikono kuliko kwenye spea. Kwa hiyo usimruhusu mtu ashushe dashibodi kwa kukisia. Aonyeshe uthibitisho kwanza. Akishafika huko ndani, mwambie abadilishe na valvu ya upanuzi, ile nyembamba, hapo hapo, maana hakuna anayetaka kulipia kushushwa kwa dashibodi mara mbili.

Wenye haiburidi, Aqua, Prius na nyinginezo: kompresa yenu inaendeshwa na umeme mkali, ule unaopita kwenye nyaya za rangi ya chungwa. Mafuta yake ni ya aina yake, yasiyopitisha umeme. Mafuta ya kawaida ya PAG yakiingia humo yanaharibu kinga ya umeme, na uharibifu huo ni ghali. Uliza kwa jina kabla fundi hajafungua chupa.

Kuna wanaowashauri mjaze gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi na inapoza. Inapoza kweli, na inawaka kweli. Evaporeta iko mbele ya magoti ya mtoto wako, ndani ya chumba kilichofungwa, na mfumo ule haukuundwa kwa gesi inayoshika moto. Hata dawa za kuziba tundu siwashauri. Huganda kwenye valvu na kuharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Na fundi asiiachilie gesi ya zamani hewani, aivute kwenye mtungi. Kilo moja ya R134a inaipasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa miaka 100. Sekretarieti ya Ozoni, inayosimamia Mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda tabaka la ozoni, iko papa hapa Nairobi, Gigiri, na makubaliano ya kupunguza gesi za jamii hii yalifikiwa kwa jirani, Kigali, Oktoba 2016. Mvua zinazogeuza nyumba za Mukuru kuwa mito zinatuhusu sisi kabla ya wengine.

Wasichana wangu, mnaniandikia kwamba gereji wanawaongelesha kama watoto. Nendeni na picha ya kibandiko, semeni gramu, ulizeni naitrojeni na muda wa ombwe, muombe spea ya zamani mkabidhiwe. Ulizeni pia kama fundi amepita gredi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Wapo mafundi hodari waliojifunzia kazini bila cheti, nawaheshimu, lakini hodari hakasiriki akiulizwa.

Wale mnaoniuliza kuhusu koili za plagi, hizo ni za kuwashia moto, si za AC, ila kanuni ya kuthibitisha kabla ya kununua ni ile ile. Gari likitetemeka na mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikitoa P0302, yaani silinda ya pili haichomi sawasawa, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, futa kodi, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikibaki P0302, tazama plagi na nyaya. Hakuna sababu ya kununua nne. Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, usiendelee kuendesha, petroli isiyochomeka inaunguza kichujio cha moshi.

Na wewe mwenye saluni Umoja, AC yako ya ukutani inayodondosha maji kwa wateja: zima umeme kwenye swichi kuu, toa vichujio, vioshe, uangalie koili ya ndani kwa tochi. Nywele na dawa ya kupuliza hushikana hapo zikawa zulia, hewa haipiti, koili inaganda barafu, na barafu ikiyeyuka inafurika. Osha kila wiki mbili kwa kazi kama yako. Kama tatizo ni gesi, waambie mafundi waangalie nati za shaba zinazounganisha mabomba kabla ya kusema koili imeoza, mara nyingi uvujaji uko pale. Kisanduku cha nje usikifungue mwenyewe, kepasita yake hushika umeme hata baada ya kuzimwa. Na kwa kuwa umesema unahama chumba mwisho wa mwezi, mwite fundi kabla ya kukata mabomba. Atafunga valvu moja, aache mashine ivute gesi yote kwenye kisanduku cha nje, kisha afunge ya pili. Utahama na gesi yako.