Insulini: Ufunguo au Hodi?

Makala haya yananuia kueleza kazi ya insulini mwilini na kupima sitiari inayotumiwa mara nyingi kuifafanua, yaani ufunguo wa seli.

Insulini ni protini ndogo yenye asidi amino 51. Huundwa na seli za kongosho, kisha husafiri katika damu ikipeleka ujumbe kwa seli nyingine. Tuchukue mfano wa mkazi wa Port Reitz, Mombasa, aliyestaftahi kwa mahamri na mbaazi. Wanga huo humeng'enywa ukawa glukosi, nayo huingia katika damu. Kongosho hutambua ongezeko hilo na kutoa insulini.

Je, insulini huufungua mlango wa seli? La hasha! Hujishikiza tu kwenye kipokezi kilichoko katika utando wa seli. Kipokezi huamsha protini za ndani, moja ikiamsha nyingine, hadi protini zinazobeba glukosi zipande kwenye utando na kuiingiza. Ndivyo ilivyo katika seli za misuli na za mafuta. Basi insulini ni hodi: hupigwa nje, lakini afunguaye yumo ndani.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huangamiza seli zinazounda insulini. Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Hapa huuawa aliyemtuma. Kabla ya tiba ya insulini kuanza Toronto mwaka 1922, wagonjwa wa aina hii hawakuishi muda mrefu. Hadi leo hudungwa sindano kila siku, kwani insulini ikimezwa humeng'enywa kama protini ya mbaazi.

Katika aina ya pili, hodi hupigwa, ila wenyeji hawaitikii ipasavyo. Mgonjwa aliyefunzwa sitiari ya ufunguo atauliza: ikiwa ufunguo ninao, mbona mlango haufunguki? Sitiari ya hodi humjibu. Aidha, misuli inayofanya kazi huingiza glukosi hata bila hodi. Ndiyo sababu mojawapo ya mgonjwa kuhimizwa kutembea.

Kwa hivyo, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaotafsiri maandishi ya afya tusiridhike na sitiari tamu. Tuipime kwanza, kwa maana mgonjwa ataitegemea anapoamua kuhusu mwili wake.