Kimbunga Kilichokwenda kwa Jirani

Somo la kujisomea nyumbani na katika jumuiya. Soma kwanza Marko 4:35–41, taratibu, na ukifika mstari wa 36 usome mara mbili.



Padre aliponiomba niandike somo la majira haya ya mvua, nilifikiri kueleza habari za vimbunga kama nilivyozoea kuwafundisha watoto wa darasa la sita. Nitazieleza, lakini kwanza yanipasa kusimulia kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 25 Aprili 2019, siku nne baada ya Pasaka. Wiki ile wataalamu wetu wa hali ya hewa, yaani TMA, walikuwa wametangaza kwamba kimbunga kiitwacho Kenneth kipo kaskazini ya Madagaska na kinaelekea pwani ya kusini. Mikoa iliyotajwa ni Mtwara, Lindi na huu wetu wa Ruvuma. Sisi wa Songea tuko mbali na bahari, na wengi wetu hatukuwa na hofu kubwa juu ya nyumba zetu. Lakini ni nani katika mji huu asiye na mtu wake Mtwara? Mimi nilikuwa na binti yangu huko, mwalimu wa shule ya msingi, anakaa si mbali na bahari, na mtoto mchanga mgongoni.

Tangu alfajiri nilikaa na redio. Serikali ya mkoa kule ilikuwa imefunga shule na ofisi, na watu wa sehemu za mabondeni wameambiwa wahamie mahali pa usalama. Nilimpigia binti yangu simu. Dakika chache baadaye nikampigia tena. Mara ya tano akaniambia kwa upole, "Shikamoo baba. Tumeshahama, tuko na wenzetu kwenye jengo la matofali. Lakini baba, ukiendelea kupiga hivi simu itaisha chaji, na nikikuhitaji kweli sitakupata." Alisema sawa. Mzazi aliye mbali hudhani kupiga simu ni kusaidia, kumbe mara nyingine anajituliza moyo wake tu kwa gharama ya mtoto.

Basi nikachukua atlasi yangu ya zamani, rula na penseli. Kila taarifa ya TMA ilipotoka nikaweka alama mahali kimbunga kilipo. Usiku wa kuamkia siku ile kilikuwa kimepita Komoro na kuua watu kadhaa. Kutoka hapo alama zangu zilikwenda magharibi, kisha zikaanza kushuka kidogo kusini. Jioni ikatangazwa kwamba kimeingia nchi kavu jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, kiasi cha kilomita 200 kusini ya Mtwara. Alama yangu ya mwisho iliangukia ng'ambo ya mto Ruvuma. Nilifurahi. Nasema kweli mbele ya Mungu na mbele yenu: nilifurahi mpaka nikamwita mama watoto jikoni kwa sauti, "Kimetupita! Kimekwenda Msumbiji!"

Hapa nisimame kidogo nieleze kimbunga ni nini, maana watu wengi hudhani ni upepo tu uliozidi nguvu.

Kimbunga huzaliwa baharini, na chakula chake ni joto la maji. Bahari ikifika nyuzi joto 26 au 27 hivi, mvuke mwingi hupanda juu, na ule mvuke ukigeuka kuwa mawingu na mvua hutoa joto lake na kuifanya hewa izidi kupanda. Hewa nyingine hukimbilia chini kujaza nafasi. Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa ile haiji moja kwa moja, bali hupinda na kuzunguka. Huku kwetu kusini ya Ikweta huzunguka kama mishale ya saa. Upepo unaozunguka ukifika kilomita 118 kwa saa au zaidi, katika bahari yetu ya Hindi huitwa kimbunga kamili. Kenneth kilipokaribia Msumbiji upepo wake ulifika kiasi cha kilomita 220 kwa saa. Kikipanda nchi kavu hukosa maji ya moto, hudhoofika. Lakini mvua yake hubaki, na mara nyingi mvua huua wengi kuliko upepo.

Mbona basi pwani yetu haipigwi mara kwa mara? Kwanza tupo karibu na Ikweta, na huko nguvu ya kuipinda hewa ni ndogo sana. Pili, Madagaska imelala mbele ya bara kama ukuta na kupokea mapigo mengi. Lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikavunja majahazi bandarini na kung'oa mikarafuu karibu yote, huku kisiwa cha Pemba kikipata nafuu; ndiyo maana baadaye Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi. Na Kenneth ikawa Aprili tena. Mkulima akishaona mvua zinakaribia kwisha hudhani hatari imepita, lakini bahari hupoa taratibu kuliko shamba.

Na kwa nini Kenneth kiligeukia kusini kidogo? Kimbunga hakijiendeshi. Husukumwa na hewa kubwa inayokizunguka, hasa penye mgandamizo mkubwa wa hewa, kama jani linavyochukuliwa na maji ya mto. Siku ile mkondo ulikipeleka Cabo Delgado. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Jumapili ya tarehe 28 nilimwomba Padre atangaze shukrani. Tuliimba vizuri sana. Nilitoa sadaka ya shukrani kwa ajili ya binti yangu na mjukuu, na watu wakanipa mkono nje ya kanisa. Ndipo bibi mmoja wa Umoja wa Akina Mama akanijia. Bibi huyu alizaliwa ng'ambo, akaja nchini mtoto wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, akakulia Muhukuru kwenye makazi ya wakimbizi. Wenye umri wangu mnawakumbuka. Tulisoma nao, tulicheza nao chandimu, na wengine walirudi kwao baada ya uhuru wa mwaka 1975, wengine wakabaki wakawa watu wa hapa. Bibi akanishika mkono akasema, "Hongera, Mwalimu, kwa mtoto. Na kimbunga chenyewe kimekwenda wapi?"

Hakuuliza kwa ukali. Nikamjibu, "Kimekwenda kwenu, bibi." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Nilirudi nyumbani nikafungua redio, na safari hii sikuifunga waliposema Mtwara salama. Siku ileile tuliyokuwa tunaimba, mvua kubwa zilikuwa zinanyesha mji wa Pemba wa Msumbiji (si Pemba ya karafuu, watu wengi walichanganya, na simu nyingi za wasiwasi zilipigwa bure Zanzibar). Nyumba zilikuwa zimefurika, barabara zimekatika. Kisiwa cha Ibo kiliharibiwa vibaya sana, pamoja na Macomia na Quissanga. Watu wa Ibo husema Kimwani, lugha ambayo ukiisikiliza vizuri utaijua kuwa jamaa ya Kiswahili chetu. Mwishowe walihesabiwa watu 45 waliokufa Msumbiji kwa kimbunga kile. Nchi ile ilikuwa bado haijafuta machozi ya kimbunga Idai, kilichopiga Beira katikati ya Machi mwaka uleule na kuua mamia. Tena Cabo Delgado ilikuwa katika mashambulio ya watu wenye silaha tangu Oktoba 2017, hata wengine waliobomolewa nyumba na upepo walikuwa wamekwisha kukimbia nyumba nyingine kabla.

Sasa turudi kwenye Marko. Sote tunalijua somo hili tangu shule ya Jumapili: Bwana amelala shetri juu ya mto, mawimbi yanaingia chomboni, wanafunzi wanamwamsha. Nimelifundisha kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote picha niliyoichora ubaoni ilikuwa na mashua moja. Lakini Marko katika mstari wa 36 anasema zilikuwapo mashua nyingine. Hatuelezi zilikuwa ngapi wala za nani, wala hazitaji tena. Walioko ndani yake hawakuwa na Bwana wa kumwamsha. Walilowa vilevile, waliogopa vilevile.

Na angalieni alichofanya Bwana. Hakuisukuma dhoruba iende upande wa zile nyingine. Aliituliza. Bahari ilipotulia ilitulia kwa wote, hata kwa wale ambao hawakujua kwa nini.

Sisi Aprili ile tuliomba nini? Mimi niliomba kihamishwe. Naikumbuka sala yangu: "Bwana, kigeuze." Sikusema kigeuzwe kwenda wapi, maana sikutaka kufikiri. Kama mtu anayefagia uwanja wake na kusukuma takataka mpaka mlangoni kwa jirani, kisha akasifu usafi.

Msinielewe vibaya. Simlaumu mzazi anayemwombea mwanawe saa ya hatari. Saa ile moyo hauna nafasi ya watu wawili, na Mungu anajua jinsi alivyotuumba. Litania yetu yenyewe inatufundisha kuomba tuokolewe na radi na dhoruba, na inawakumbuka wasafiri wa nchi kavu na wa majini bila kuuliza ni wa kabila gani. Kosa langu halikuwa lile ombi la Alhamisi. Lilikuwa Jumapili, nilipokwisha kupata habari za mwanangu nikafunga redio na kufunga sala pamoja.

Kuna kosa jingine, baya zaidi, nililolisikia kwa masikio yangu kwenye daladala. Mtu mmoja alisema wale wamepigwa kwa sababu ya vita vyao, na sisi tumepona kwa sababu ya amani yetu. Someni Luka 13:4 muone Bwana alivyojibu habari za mnara wa Siloamu. Nami naongeza la mwalimu: nimewaambia kwamba kimbunga husukumwa na mkondo wa hewa. Mkondo ule haukusoma hesabu ya dhambi za Mtwara wala za Ibo. Shukrani ni wajibu wetu, lakini shukrani inayomfanya jirani kuwa mwenye hatia si shukrani.

Tangu hapo tumepata nafasi nyingine za kujifunza. Machi 2023 kimbunga Freddy, kilichokuwa kimeanza mapema Februari karibu na Australia na kuvuka bahari nzima, kilileta mvua za siku kadhaa kusini ya Malawi. Blantyre, mji wa mlimani ulio mbali na bahari, matope na mawe yalishuka usiku kutoka mlima Soche yakazika watu na nyumba zao. Waliothibitishwa kufa nchini humo walikuwa 679, na zaidi ya 500 hawakuonekana. Wengi wetu wa mwambao wa Nyasa tuna ndugu Malawi. Imani yetu yenyewe ilivuka ziwa kutoka Likoma. Nilijitahidi safari ile. Nilipopata habari za ndugu zetu wa upande wa ziwa kwamba wapo salama, sikufunga redio.

Kisha Mei 2024 kikaja Hidaya. Kilifika Mafia usiku wa tarehe 4 na kuishiwa nguvu, lakini mvua zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa. Mabasi ya Mtwara yakalazimika kuzungukia huku kwetu. Mtakumbuka abiria waliokuwa wakishuka stendi wamechoka, watoto wamelala mabegani. Akina mama wawili wa kanisa hili walichemsha uji wakaupeleka. Hakuna aliyewatuma, wala halikutangazwa. Bibi wa Muhukuru alikuwa mmojawao.

Kwa hiyo, kimbunga kikitangazwa tena, nashauri hivi. Sikiliza TMA, si picha za simu. Mwaka 2019 nilitumiwa picha ya mawimbi ikisemwa ni Mtwara, nikaja kujua ni ya nchi nyingine na ya zamani. Katika ukoo chagueni mtu mmoja wa kumpigia aliye hatarini, yeye awape wengine habari. Ujumbe mfupi wa maandishi hupita hata mtandao ukiwa dhaifu, na haumalizi chaji. Na jina la mahali kilipoingia liandikwe kwenye kitabu cha maombi ya Misa, lisomwe si Jumapili moja bali mpaka watu wale wamepaua tena. Nyumba haijengwi kwa juma moja. Sadaka ya shukrani ya waliopona, naona ingefaa iwe ndiyo sadaka ya waliopigwa. Hili naliacha kwa Padre na wazee wa kanisa walijadili.

Jumuiya zitakapokutana, zungumzeni maswali haya: Ulipokuwa mashakani mara ya mwisho, uliomba dhoruba itulie au ihamie? Ni mashua gani nyingine zilikuwa karibu nawe, nawe hukuziona? Na je, katika jumuiya yenu yupo mtu aliye na ndugu ng'ambo ya mto au ya ziwa, ambaye hamjamuuliza hali zao? Jumuiya yetu itakutana kwangu Jumatano jioni. Atlasi nitaiweka mezani, na nimemwomba bibi aje atuonyeshe kwao ni wapi.