Mtoto Ametolewa Majini: Mpe Pumzi

Mama wa Kyavinyonge, ziwa letu Edward ndilo shamba letu. Hapo tunafua, hapo tunangojea mitumbwi ya samaki, na watoto wanacheza palepale. Mtoto mdogo anazama kimya, bila kelele, wakati mama anaosha sufuria moja.

Kama yuko kwenye kina na wewe hujui kuogelea, usimfuate. Mtupie kamba au bidoni tupu yenye kifuniko, uite wenye mtumbwi.

Akitolewa, watu husema: «Tumushike miguu, tumugeuze, maji itoke!» Hapana! Usimning'inize, usimkamue tumbo. Maji yanayotoka hivyo ni ya tumboni, nayo yanaweza kuingia katika njia ya hewa. Kinachomuua ni kukosa hewa, na ubongo unaanza kuharibika kwa dakika chache tu.

Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mguse, tazama kifua kwa sekunde 10, si zaidi. Kama hapumui, au anatweta mara mojamoja kama samaki mchangani, tuma mtu aite munganga, nawe anza. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo, inua kidevu. Bana pua, funika mdomo wake wote kwa mdomo wako, upulize taratibu kwa sekunde moja, jicho lako likiwa kifuani. Kifua kikipanda, pumzi imeingia. Acha kishuke. Fanya mara 5. Kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, kichwa kikae sawa. Funika mdomo na pua pamoja, na pumzi iwe ile ya kujaza mashavu yako tu. (Hata wanafunzi wetu wauguzi husahau kubana pua, hewa yote ikatokea hapo!) Kifua kisipopanda, usiongeze nguvu, rekebisha kichwa kwanza.

Bado hapumui? Weka kiganja katikati ya kifua, kwa mtoto mchanga vidole gumba 2, ubonyeze mara 30 haraka, karibu mara 2 kila sekunde, kifua kishuke theluthi ya unene wake. Kisha pumzi 2, tena 30. Usiache mpaka apumue au munganga afike. Akitapika, mgeuze ubavu, mfute mdomo, endelea.

Akirudi kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kitenge kikavu. Mpeleke kwa munganga siku ileile, hata kama anacheka na kuomba chakula, maana mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumletea shida baada ya saa kadhaa.