Ngozi ya Magamba: Jinsi Inavyorithiwa na Jinsi ya Kuitunza

Wenyeji wa Turkana wanawajua samaki wa ziwa lao, basi hawatashangaa kusikia kwamba madaktari waliupa ugonjwa huu jina la iktiosisi kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya samaki. Ngozi ya mgonjwa hukauka, ikapasuka na kufanya magamba, hasa miguuni. Mtoto wa namna hii aweza kutengwa na wenzake, na mama yake akasingiziwa kuvunja mwiko, hali hakuna aliyekosa.

Yafaa kila mtu ajue kwanza kwamba ugonjwa huu hauambukizi hata kidogo. Si ukoma, wala si upele. Mtu aweza kula sahani moja na mgonjwa na kulala naye kitanda kimoja, asipate neno.

Ngozi ni kama ukuta wa matofali, na kati ya matofali pana udongo wa kuyashikanisha ili maji ya mwilini yasitoke. Mwaka 2006 wataalamu wa Dundee, huko Uskoti, waligundua kwamba katika aina iliyo ya kawaida kuna kasoro katika chembe ya urithi inayotengeneza protini iitwayo filagrini. Kwa hiyo ukuta huvuja. Aina hii si kali sana. Mtoto huzaliwa na ngozi njema, na ukavu huonekana baadaye. Mzazi mmoja mwenye kasoro hiyo atosha kuirithisha.

Aina kali ni adimu. Mtoto huzaliwa amefunikwa utando unaong'aa, na kope za macho zimevutwa nje. Hapo mara nyingi baba na mama wana ngozi safi kabisa, ndipo ugomvi huanza nyumbani. Kumbe kila mmoja alibeba kasoro iliyojificha, na mtoto amepokea zote mbili. Kwa wazazi hao kila mimba ina hatari ya 1 katika 4, na ndoa za binamu huongeza uwezekano wa wawili wa namna hiyo kukutana. Mfugaji aliyeona mbuzi akizaa mwana mwenye rangi ya babu yake, ambayo wazazi hawana, ataelewa upesi kuliko watu wa mjini.

Hatari kubwa ya Lodwar na Kakuma ni joto. Mchana hufika nyuzi 35 za sentigredi karibu mwaka mzima, na hewa kavu hunyonya maji ya ngozi. Tena katika aina kali jasho halitoki sawasawa, mwili ukashindwa kujipoza, na mtoto anayecheza juani saa sita aweza kuzimia, hata kufa. Akae kivulini, anywe maji mara kwa mara, na nguo yake ilowanishwe.

Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu kabisa haijapatikana, lakini ngozi yaweza kulainishwa sana. Kwa kuwa maji ni haba, karai moja latosha: mwogeshe mtoto, mpanguse kidogo tu, kisha mpake vaselini papo hapo, ngozi ingali na unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Afanyiwe hivyo kila siku, kwa maana akiachwa juma moja magamba hurudi. Nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi, basi asisogee mekoni.

Mafuta yenye yurea husaidia kwa wakubwa, ingawa huwasha penye nyufa. Asidi ya salisiliki hulegeza magamba, lakini ikipakwa mwili mzima kwa mtoto mdogo huingia damuni ikawa sumu. Msikwangue magamba kwa jiwe, wala msinunue sokoni mafuta ya kujichubua.

Mtoto aliyezaliwa na utando apelekwe siku hiyo hiyo hospitali ya Lodwar au hospitali ya kambi ya Kakuma. Utando usibanduliwe njiani. Mgonjwa yeyote ambaye macho yake hayafungiki, au ambaye nyufa zake zinatoa usaha na mwili una homa, naye asingoje kesho.