Maswali na Majibu: Bandari ya Bukoba

Swali: Mzee, Bukoba ilipataje kuwa bandari?

Jibu: Zamani bidhaa za Waarabu zilipanda kwa miguu kutoka Tabora hadi Kafuro, kule Karagwe, na ufuo huu wa Lweru, ndivyo sisi Wahaya tuliitavyo Ziwa Viktoria, ukaachwa kando. Mwaka 1890 Emin Pasha, aliyekuwa akiwatumikia Wadachi, alijenga boma hapa. Lakini boma si bandari. Kwa rai yangu, kilichouinua mji ni reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, kwa kuwa tangu hapo gunia la buni lilipakiwa ufuoni, likavuka ziwa katika marikebu, likapanda gari moshi mpaka Mombasa, na mapagazi wakapumzisha mabega yao.

Swali: Na Vita vya Kwanza vya Dunia je?

Jibu: Navyo vilikuja kwa maji hayo hayo. Tarehe 22 Juni 1915 Waingereza waliotoka Kisumu walishuka hapa, wakaubomoa mnara wa simu ya upepo, na kesho yake wakarudi.

Swali: Manahodha waisifu bandari hii?

Jibu: La. Kisiwa cha Musira kipo mbele yetu, chapendeza macho, lakini hakitoshi kuuzuia upepo. Kemondo, kusini kidogo, ndiyo ghuba yenye stara. Huko meli ya MV Bukoba iliongeza abiria usiku wa safari yake ya mwisho, kabla ya kuzama karibu na Mwanza asubuhi ya 21 Mei 1996 na mamia ya watu. Wapo wazee ninaowajua ambao hata leo huzunguka kwa basi.

Swali: Na wilaya jirani ya Muleba je?

Jibu: Muleba ni visiwa na wavuvi. Kisiwa cha Bumbire ndiko mvumbuzi Stanley, baada ya kufukuzwa, aliporudi Agosti 1875 na kuwafyatulia risasi watu waliosimama ufuoni. Na kitendo hicho alikisimulia mwenyewe bila haya.

Swali: Mgeni aanzie wapi?

Jibu: Wengi huzuru kanisa kuu alimozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika mweusi wa kwanza kuvishwa ukardinali, mwaka 1960. Mimi ningemketisha kwanza nyumbani, nimpe akamwani: buni iliyochumwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, ikaanikwa hata ikawa nyeusi. Huletwa katika kikapu kidogo. Mgeni huchukua moja, hupasua ganda kwa meno, akatafuna punje taratibu. Asiyezoea huitema, naye husamehewa.