Kuhifadhi na Kutafuta Data ya Nyanjani kwa Matini Sahili: Mfano wa Sirisia

Mtafiti wa isimu anayekwenda nyanjani Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, ambako Lubukusu na Kiswahili hukutana sokoni na madarasani, hurejea na madaftari tele. Tatizo lake kubwa aghalabu si kukusanya data bali ni kuipata tena aihitajipo. Makala haya yanaeleza mbinu moja: kuiandika data katika faili za matini sahili, yaani herufi tupu zisizo na mapambo, na kuzipekua kwa programu ya grep.

Grep iliundwa na Ken Thompson katika maabara ya Bell, Marekani, mapema katika miaka ya 1970. Haina vidirisha wala vitufe. Mtumiaji huandika amri, nayo programu huonyesha kila mstari wenye mfuatano wa herufi unaotafutwa. Haihitaji intaneti, na faili zake husomeka hata kwenye tarakilishi kuukuu.

Kila mahojiano yatengewe faili moja, jina lake likitanguliza mwaka, mwezi na siku ili faili zijipange kwa tarehe: 2025-03-14-sirisia.txt. Kila sentensi ipewe mstari wake na alama ya mada, mathalani #kilimo. Kisha mzizi hutafutwa hivi:

grep -n "andi[ks]" *.txt

Mabano mraba huruhusu k au s; kwa hiyo hupatikana ameandika, mwandiko, maandishi na mwandishi, pamoja na nambari za mistari.

Hata hivyo, grep hutambua herufi, haitambui mofimu. Amri hiyo italeta pia bandika, tandika na pandisha, vitenzi visivyohusiana na mzizi huo. Hatari kubwa zaidi imo katika ritifaa. Programu nyingi za kuandikia hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na kwa tarakilishi hizo ni alama mbili tofauti. Atafutaye ng'ombe kwa moja hulikosa lililoandikwa kwa nyingine, akahitimisha kwamba wahojiwa hawakulitumia neno ambalo walilitamka. Tiba ni kuandika "ng.ombe", kwani nukta husimamia alama yoyote moja.

Kwa hivyo, matokeo ya grep ni data ya kupembuliwa, wala si hitimisho la utafiti.

Zoezi: Eleza kwa nini amri ya kutafuta "lim" huleta kilimo na mkulima, na pia mwalimu na ulimwengu. Pendekeza namna ya kuyatenganisha.