Mkaribishe Chozi, Usimwalike Tumbili

Video za wenyeji wa Marekani waliotundika chupa nyekundu barazani, ndege wadogo wakielea mbele yake na kufyonza maji ya sukari, zimesambaa sana kwenye simu. Anayeishi Kapseret, hapa Kenya, naye hutamani kutundika yake. Kabla ya kufanya hivyo, ni vizuri kujua kwamba ndege wale wanapatikana katika mabara ya Amerika peke yake. Wa kwetu ni chozi: mdogo, mdomo mwembamba uliopinda, dume aking'aa kijani, zambarau au shaba kulingana na aina yake. Naye hunywa nekta, ila kwa kawaida hutua kwanza kwenye tawi ndipo aingize mdomo ndani ya ua.

Kule Marekani na Canada, katika maeneo yenye dubu, maafisa wa wanyamapori huwasihi watu waondoe chupa hizo, maana dubu huvutwa na sukari, akaivunja chupa na kuizoea nyumba. Sisi hatuna dubu. Tuna tumbili, na kwa boma lililo karibu na msitu wa Kapseret au na miti ya kando ya mto, tumbili ni tatizo gumu zaidi kwa jambo moja: saa zake za kazi. Dubu anayenyemelea makazi mara nyingi huja usiku, kwa hiyo mwenye chupa anaweza kuiingiza ndani jioni. Tumbili hulala usiku na kutafuta chakula mchana, saa zile zile za chozi. Huwezi kumwekea mmoja chupa ukamficha mwingine.

Akishaonja sukari atarudi, na hatarudi peke yake. Kutoka kwenye chupa ataingia jikoni, kwenye mayai ya kuku, kisha kwenye mahindi mabichi shambani. Usitarajie kulipwa: orodha ya wanyama wanaofidiwa mazao, iliyoambatishwa kwenye Sheria ya Wanyamapori ya 2013, haikumtaja tumbili. Kumtilia sumu nako ni kosa la jinai, na sumu hiyo huua mbwa na ndege pia. Funika pipa la taka, funga ghala, usimrushie ndizi hata kwa mzaha. Kundi likizidi, wapigie Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mtu akiumwa au kukwaruzwa, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: panda maua. Ua hutoa nekta kidogo kidogo, na limetawanyika bustani nzima. Tumbili anaweza kulichuma, lakini halimfundishi kwamba barazani kwako kuna chakula.

Anza na mshubiri. Maua yake mekundu au ya chungwa ni marefu na membamba, yanaufaa kabisa mdomo wa chozi, na mmea wenyewe hustahimili kiangazi cha Desemba hadi Februari. Usiung'oe porini, agizo la rais la 1986 lilipiga marufuku kuvuna mishubiri ya mwituni. Mwombe jirani machipukizi au nunua kitaluni. Ukiwa na nafasi kubwa, panda mwamba-ngoma kwenye mpaka wa shamba: huchanua maua mekundu wakati majani yamepukutika, wakati ambao chozi hana pengine pa kwenda. Kibobakasi, ambao wengi tunauita Nandi flame, unafaa pia, lakini ni mti mkubwa. Usiuweke karibu na nyumba.

Kisha kuna Leonotis, kichaka cha kando ya barabara ambacho maua yake ya chungwa huzunguka shina kama mapete yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa. Wengi hukifyeka wakidhani ni magugu. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf walichapisha utafiti wao wa Kenya juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu na maua haya. Waligundua kwamba ndege hulinda eneo la maua pale tu nekta inapofidia nguvu anayotumia kuwafukuza wenzake. Kwa mwenye bustani, maana yake ni kwamba ukirundika maua yote mahali pamoja, dume mmoja huenda akayamiliki. Panda mafungu matatu au manne, yasionekane kutoka sehemu moja. Lantana iache, hata kama chozi huitembelea. Huvamia malisho na ina sumu kwa ng'ombe.

Panda mvua zinapoanza, Machi au Aprili, ili mizizi ishike kabla ya kiangazi.

Nekta pekee haimtoshi chozi. Makinda yake hulishwa wadudu na buibui, na utando wa buibui ndio anaoshikizia kiota chake kinachoning'inia. Ukinyunyiza dawa ya wadudu kwenye bustani nzima, unamnyima chakula na uzi wa kujengea. Nyunyiza sukuma wiki pekee, tena ukiona kuna haja. Paka naye asiachwe kujificha chini ya vichaka vya maua.

Anayeishi mbali na tumbili na bado anataka chupa, achanganye kipimo 1 cha sukari nyeupe na vipimo 4 vya maji, achemshe, apoze. Asitie asali, rangi wala sukari guru. Abadilishe kila baada ya siku mbili na kuosha chupa kwa maji moto, na aitundike mbali na mlango, kwa sababu nyuki nao watakuja.

Na ukiona dume akidonoa kioo cha gari lako asubuhi nzima, anapigana na sura yake akidhani ni mpinzani. Funika kioo kwa mfuko wa kitambaa kwa siku kadhaa, ataacha.